Sauti Niliyoipa Alama Nne

Mke wangu hajui kusoma nota. Alipomaliza darasa la nne alirudi nyumbani kulea wadogo zake, na do-re-mi alizisikia kwangu tu, tena jikoni. Hata hivyo kwa miaka mingi hakuna wimbo wangu uliokwenda kanisani kabla yeye hajaukubali.

Tulikuwa na utaratibu wetu. Nikitoka shuleni mchana, nilikokuwa nafundisha hesabu na Kiswahili, nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, daftari langu magotini. Yeye alikuwa anapukuchua mahindi au anachambua maharage. Nilimwimbia kwanza sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo, mpaka imkae. Halafu nilimwimbia sauti ya pili, ile ya chini yake ambayo kina mama wengi huiimba. Nilimwimbia mara mbili tu. Mara ya tatu mimi nilirudi kwenye sauti ya kwanza, naye alipaswa kuishika ya pili peke yake. Akiishika, nilijua nimeandika vizuri. Akipotea, sikumlaumu. Nilichukua kifutio.

"Hapa umenisukuma," alikuwa ananiambia bila kuinua macho kwenye ungo. "Nilikuwa natembea vizuri, mara umenitupa mtaroni."

"Ni nota mbili tu, mama."

"Basi kaziimbe wewe na hao wanaojua nota. Mimi nina maharage."

Nilifuta. Kuna kurasa nilizifuta mpaka zikatoboka.

Kutunga nilifundishwa na padre mmoja mzee, mgeni kutoka Ulaya, nilipokuwa sekondari. Alikuwa na kinanda cha kukanyaga kwa miguu kilichokuwa kinakohoa, na alinipa masomo kila Jumamosi baada ya kazi za bustani. Alinifundisha kuandika sauti nne, mbili za kike na mbili za kiume, na kanuni zake nyingi. Sauti hizi zisifuatane sambamba kama ng'ombe wa jembe. Ile isipande juu ya jirani yake. Hii isimalizie hewani. Nilipomaliza kidato cha nne nikaenda chuo cha ualimu, nikarudi Songea, nikaoa, tukajenga Matogoro chini ya vilima. Kanuni za padre nilikuwa nazo kichwani zote. Zilinionyesha kisichofaa kuandikwa. Kinachoimbika nilikipata jikoni.

Siku hizo nyimbo zilisafiri kwa mkono. Mwalimu akihamishiwa Lusewa, alinakili nota zangu kwenye daftari akaondoka nazo. Mtawa akienda Mbinga, vivyo hivyo. Mara moja nilikwenda kuzika kijijini, mbali kabisa na parokia yetu, nikakuta kwaya ya watu tisa inaimba wimbo wangu wa Kwaresima na kosa moja ambalo walikuwa wamelizoea mpaka likapendeza. Nilirudi nyumbani nikalisahihisha daftari langu lifanane na lao. Sikuwa mtu maarufu, lakini nilikuwa naimbwa, na hilo lilinitosha.

Kisha biashara ikaachwa huru. Waliopanga foleni za sabuni na sukari wanajua ninachosema. Kwenye maduka ya sokoni, ambako kwa miaka tulikuwa tunaona rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo, zikatokea betri, khanga, mitumba, na redio kaseti zenye spika mbili. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtoto wa wakulima wa korosho wa Tunduru, alifungua kibanda cha kanda karibu na soko. Alipiga taarabu, alipiga dansi, alipiga kwaya, vyote kwa sauti ya juu na kwa mapenzi yaleyale. Karibu kila kwaya ya mjini ikataka kanda yake.

Mwenyekiti wetu wa kwaya, karani mstaafu mwenye miwani mizito, alilileta jambo hilo kwenye kikao. "Mwalimu," alisema, "nyimbo ni zako, wanaorekodi ni wengine. Juzi nimesikia wimbo wako kwenye basi la Njombe, nikamwuliza kondakta ni wa nani. Unajua aliniambia nini?"

"Alikuambia hajui," nilidakia.

"Afadhali angesema hajui. Alitaja kwaya nyingine, na mtunzi mwingine."

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nikiri hapa kwamba kanda niliitaka kuliko mtu yeyote aliyekuwa kwenye kikao kile. Nilitaka kusikia jina langu likitajwa mwanzoni.

Studio ya Dar es Salaam ilisema haiwezi kupokea kwaya nzima. Tulikuwa zaidi ya hamsini, wao walitaka thelathini. Ilibidi kuchuja, na kuchuja kwaya ya parokia ni kazi ya kukugombanisha na nusu ya mji. Nikabuni utaratibu ambao nilijisifu nao sana. Waamuzi watatu, mimi, mwenyekiti na mwalimu wa kinanda, tungekaa kwenye benchi tukitazama ukuta wa altare. Waimbaji wangeingia mmoja mmoja nyuma yetu, kila mmoja ataje namba yake tu, aimbe mistari miwili, atoke. Tusiwaone. Tuandike alama, kuanzia moja hadi kumi, kisha zijumlishwe. Nani angelalamika?

Namba kumi na saba ilipotajwa nilimjua kabla hajaanza. Nilimjua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Aliimba mistari miwili ya wimbo tulioumaliza jikoni mwaka uliotangulia. Sauti yake wakati huo ilikuwa imeanza kukwaruza kidogo, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, lakini haikutetemeka. Iliifuata nota kutoka chini, ikaifikia, ikakaa. Ilistahili nane. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ni nane.

Nikatazama karatasi yangu. Nikawaza kwamba karatasi hizi zitawekwa mezani kwa kamati ya kwaya. Wataona nane mbele ya kumi na saba, watajua kumi na saba ni nani, na watasema Mwalimu amembeba mkewe. Nikaandika nne.

Hakuna aliyenilazimisha. Kalamu nilikuwa nayo mimi.

Baada yake waliingia kina mama wengine wa umri wake. Sasa sikuweza kumpa sita mtu niliyemsikia akiwa chini ya yule niliyempa nne. Nikawashusha wote. Kosa moja lilihitaji mengine saba ili lisimame, nami niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri wa kialimu. Siku iliyofuata orodha ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya parokia, na kina mama wanane, waliokuwa kwenye kwaya hiyo tangu ilipokuwa na ngoma moja na kitabu kimoja, hawakuwemo.

Nilimkuta mke wangu anapepeta mahindi.

"Kumi na saba haipo," alisema.

"Nimeona."

"Uliisikia vizuri?"

"Tuliwapa migongo, mama. Hatukuona mtu."

"Sijauliza ulichoona. Nimeuliza kama uliisikia."

"Niliisikia."

Akaongeza mahindi kwenye ungo akaendelea kupepeta. Wiki ile nilipokuja na daftari langu jikoni alinisogezea kigoda kama kawaida, lakini nilipoanza kuimba alisimama. "Una watu wako waliofaulu," alisema, bila hasira. "Kawaimbie hao. Mimi sikufaulu, Mwalimu."

Nyumbani alikuwa ananiita baba. Mwalimu lilikuwa jina la barabarani. Kuanzia siku hiyo likawa la nyumbani pia. Kanisani alikaa kwenye mabenchi ya waumini, na hata nyimbo ambazo kila mtu anaziimba yeye alizisikiliza tu, mdomo umefungwa.

Kanda ilitoka na ilipendwa. Sitaki kujifanya kwamba sikufurahi. Nilikuwa nikipita karibu na kibanda cha yule mtu wa Tunduru napunguza mwendo makusudi, najifanya natafuta kitu mfukoni, ili nisikie wimbo mpaka mwisho. Wanafunzi walinisalimia, "Shikamoo, Mwalimu wa kanda," nami niliitikia marahaba kwa kifua mbele. Barua zilikuja kutoka parokia nisizozijua zikiomba nota.

Lakini nyimbo mpya hazikuja. Yaani zilikuja, nikaziandika, zikafuata kanuni zote za padre, na zilikuwa zimekufa. Nilizijaribu peke yangu, nikiimba sauti ya pili huku nikijaribu kuifikiria ya kwanza kichwani. Mtu hawezi kujinyoa kisogo.

Ndipo paroko aliponiita kuhusu jubilei. Parokia ilikuwa inaadhimisha miaka mingi tangu kuanzishwa, askofu mgeni angekuja, na kwaya za vigango vyote, yale makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, zingeungana. Alitaka wimbo mmoja mrefu wa shukrani, wa karibu nusu saa, ambao watu wangeukumbuka. Sikuwahi kuandika kitu kirefu hivyo, na sikuwahi kupewa waimbaji wengi hivyo. Nilijua pia, kwa umri wangu, kwamba nafasi kama ile haitarudi. Ilikuwa karibu na Krismasi, na jubilei ilipangwa mwezi wa nane.

Mwanzo niliuandika kwa wiki mbili tu. Mwisho pia ulikuja haraka, sauti zote nne pamoja na ngoma za lizombe, zile zinazopigwa kwetu kwenye sherehe, kwa sababu sikuona kwa nini Mungu ashukuriwe na watu wa Songea bila ngoma ya Songea. Tatizo lilikuwa katikati. Hapo nilitaka sauti ya pili ya kina mama ibaki peke yake, isimulie miaka ya kukosa, wengine wote wakivuma chini kwa midomo iliyofungwa. Wimbo mzima uliegemea hapo. Pasiposimama hapo, mwisho na ngoma zake zote ungekuwa kelele.

Mazoezi yalianza Pasaka ilipopita. Kila tulipofika katikati tulianguka. Mabinti waliobaki kwenye sauti ya pili walisoma nota bila kosa, lakini wimbo ulitoka kama mtu anayesoma tangazo. Kiongozi wao, binti mwerevu aliyekuwa anasomea ushonaji, alinifuata baada ya mazoezi.

"Shikamoo, Mwalimu. Samahani. Pale katikati hapaimbiki."

"Nota hamzioni?"

"Tunaziona. Zinasomeka zote. Ila hapaimbiki."

Nilimkaripia mbele ya wenzake. Hilo nalo ni langu. Halafu nikapandisha wimbo, nikaushusha, nikabadilisha mwendo. Mwezi wa tano uliisha na katikati pakiwa bado shimo, na mwenyekiti akaanza kuuliza kwa upole kama haingewezekana kuiruka sehemu hiyo.

Siku moja nilikwenda kwa yule mtu wa Tunduru kununua betri.

"Mwalimu, karibu sana. Nikuulize jambo, usinikasirikie."

"Uliza."

"Hii kanda yenu mpya nzuri, mashaallah, sauti safi kabisa. Lakini watu wazima wakija hapa wananiomba ile ya zamani."

"Ipi ya zamani? Hatukuwa na kanda."

Akatoa chini ya meza kanda isiyo na karatasi. Aliirekodi mwenyewe miaka michache nyuma, maandamano ya Ekaristi yalipopita mbele ya duka la ndugu yake, kwa kuinyanyua redio dirishani. Akaiweka. Kulikuwa na upepo, mbwa, baiskeli, na kwaya yetu yote ya hamsini na zaidi ikitembea na kuimba.

"Sikiliza sasa," alisema, akainua kidole. "Hapa. Huyu mama anayeshika chini. Mimi dini yangu nyingine na maneno yenu siyafuati, lakini huyu nikimsikia naacha kuhesabu kanda. Mlimpeleka wapi? Amehama?"

"Hajahama."

"Asije akawa amefariki."

"Yupo hai. Yuko nyumbani kwangu."

Alinitazama. "Ni mkeo? Sasa kwa nini hayumo?"

"Nilimpa alama nne."

Alicheka sana, akipiga meza, akidhani ni mzaha. Aliponiona sicheki akazima kanda. "Astaghfirullah, Mwalimu," alisema taratibu. "Na chakula anakupikia nani?"

Nilisahau betri mezani kwake.

Nilimwambia mke wangu ukweli shambani, mwezi wa sita, tukivuna mahindi. Tulikuwa kwenye mistari miwili inayopakana, tukivunja na kutupia kwenye tenga moja.

"Siku ile ya mchujo nilikutambua," nilisema.

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Uliacha kupumua. Nilikuwa nyuma yako. Mgongo wako naujua kuliko unavyoujua wewe."

"Nilikupa alama nne."

Mkono wake ulisimama kwenye hindi. "Nne?"

"Nne."

"Mimi nilidhani umenipa vizuri, wenzako ndio wamenishusha."

"Wenzangu walikupa saba na nane."

Alikaa chini kwenye tuta. Nilikuwa nimedhani kusema ukweli kungempunguzia uchungu. Ndiyo kwanza ulianza. Muda wote ule alikuwa amejifariji kwamba mumewe alimsikia na akazidiwa tu na alama za wenzake, na sasa hata faraja hiyo nilikuwa nimeichukua.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliogopa watasema nimekubeba."

"Kwa hiyo ukanidondosha."

Akang'oa majani makavu kwenye hindi moja, moja baada ya jingine, taratibu. "Na wenzangu saba?"

"Niliwashusha pia. Ili alama zifanane."

"Wote?"

"Wote."

"Watu wale walikuja jikoni kwangu wanalia. Niliwapa uji. Niliwaambia mume wangu ana makosa yake lakini ni mtu wa haki." Alitupa hindi kwenye tenga, kisha akasema, "Nimewadanganya watu kwa mdomo wangu, kwa ajili yako."

Tulivuna mistari miwili mizima. Niliomba radhi mara mbili na mara zote mbili hakugeuka. Tulipofika mwisho wa shamba akajifuta mikono.

"Uliniangusha kanisani," alisema. "Huku shambani huwezi kuniinua. Utasema hayo mbele ya kwaya, na wale saba wawepo. Halafu sauti zetu zisikilizwe upya, kwa migongo, kama ulivyopenda wewe. Alama zisomwe kwa sauti. Na ya kwako pia."

"Ya kwangu?"

"Kwani huimbi? Kila siku unawaimbia watu do-re-mi. Tukupe mgongo, tukusikie."

Nilisema Jumamosi iliyofuata, kanisani, baada ya mazoezi. Nilisema namba, nilisema alama, nilisema sababu. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta. "Mwalimu, mambo haya si mngeyamaliza nyumbani?"

"Hayakutendeka nyumbani," nilimjibu.

Kati ya wale saba walikuja sita. Walikuwa wamekaa mstari mmoja na mke wangu, mikono imefungwa, na nilipomaliza hawakusema wamenisamehe. Mmoja aliuliza tu, "Sasa tunaanza na nani?" Mke wangu akanionyesha mlango kwa kidevu.

Kina mama saba waligeuka wakatazama ukuta, pamoja na yule binti kiongozi. Nikaingia, nikataja namba moja, nikaimba mistari miwili. Kufundisha sauti ni jambo moja, na kuwa nayo ni jambo jingine, nami tangu ujana sauti yangu ilikuwa ya kuonyeshea tu. Katikati ya mstari wa pili nikaona mabega yanatikisika kwenye benchi. Walikuwa wanazuia kicheko.

Wakasoma alama. Tano. Nne. Nne. Mmoja alinipa sita akasema ni kwa ajili ya uzee. "Huyo ni kuku aliyenyeshewa," mwingine alisema, "lakini namba ameitaja vizuri." Binti kiongozi, niliyekuwa nimemkaripia, alinipa tano akiangalia sakafu. Mke wangu alisoma wa mwisho.

"Tatu," alisema. "Nimeandika nilichosikia."

Kanisa lote lilicheka mpaka paroko akachungulia mlangoni. Nilicheka pia, na machozi yalinitoka, na yalikuwa ya aina zote mbili.

Kisha tukabadilishana. Niligeukia ukuta na kina mama wakaingia mmoja mmoja, na safari hii niliandika kwa utulivu. Wengine niliwapa saba, mmoja nilimpa sita kwa sababu ilikuwa sita, na alikubali. Mke wangu aliimba namba ileile kumi na saba. Nilipotakiwa kusoma nilisimama.

"Nane."

"Siyo tisa?" aliuliza kutoka nyuma yangu.

Ningeweza kusema tisa. Wengi walitaka niseme tisa.

"Mwanzoni uliingia chini kidogo," nilisema.

Alifikiri. "Kweli," alisema. "Niliingia chini." Na akaenda kukaa na sauti ya pili, mahali pake pa zamani, mabinti wakasogea kumpisha.

Mama wa saba alikuwa amehamia Lusewa kwa mwanae. Nilimfuata. Alinikaribisha vizuri, akanichinjia kuku, akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe, Mwalimu, tena siku nyingi," alisema. "Ila kuimba siimbi. Nilipotoka pale mlangoni pa ofisi nilifunga hapa kooni, na sasa hata nikitaka hapafunguki." Niliomba tena, akaniongeza mchuzi. Alifariki miaka michache baadaye, na mwanae aliniambia hakuimba tena, hata akiwa shambani peke yake. Hili sina namna ya kulifuta. Nimeandika nyimbo nyingi tangu hapo, na katika kila moja kuna mahali nasikia kwamba angekuwepo.

Tulibaki na majuma saba. Nilileta ubao wa shule kanisani, nikaandika katikati yote kwa chaki, nikawaimbia kina mama mara mbili, kama zamani. Mara ya tatu wakapotea wote saba, mahali palepale walipopotea mabinti.

"Hapa unapanda kwa nini?" mke wangu aliuliza.

"Maneno yanasema tulilia. Kilio kinapanda."

"Cha mtoto. Mtu mzima akikumbuka njaa hapandi, anashuka. Na haharakishi. Tushushe, halafu tusubiri hapo."

"Tusubiri mpaka lini?"

"Tutajua."

Nilifuta kwa kiganja, mbele ya watu wote. Nikaandika kushuka, kisha kituo kirefu ambacho sikujua nikipe hesabu gani, nikakiacha bila hesabu. Padre wangu mzee angekunja uso. Waliimba. Binti kiongozi aliishika wakati uleule, na mabinti wengine wakamfuata, bila kuangalia ubao. Mwenyekiti hakuuliza tena kuhusu kuiruka.

Siku ya jubilei palikuwa na baridi na vumbi, upepo wa mwezi wa nane ukitoka Matogoro. Kanisa lilijaa tangu asubuhi, na waliokosa nafasi walisimama nje madirishani. Kwaya za vigango zilikuwa zimevaa kila moja sare yake, na mimi nilisimama juu ya kreti la soda ili wanione. Mwanzo ulikwenda kama nilivyouota. Tulipofika katikati niliwapa ishara ya kuvuma, watu mia na zaidi wakavuma chini, na kina mama wakaanza.

Walishuka. Wakasubiri. Mimi mikono yangu ilikuwa hewani, sikujua ni wakati gani niishushe, nikamtazama mke wangu, naye hakunitazama. Alikuwa anasikiliza. Kanisa lote lilikuwa linasikiliza naye. Kisha walivuta pumzi pamoja na kuendelea, na nikasikia nyuma yangu sauti ndogo ya watu wengi, wazee hasa, ikitoka yenyewe kama mtu anapokaa baada ya kutembea sana. Askofu aliinamisha kichwa. Nilishusha mikono, kwa sababu hawakunihitaji, nikasimama kwenye kreti langu nasikiliza kama mtu mwingine yeyote.

Ngoma zilipoingia mwishoni watu walisimama wote. Vigelegele vilianzia nje, madirishani, vikaingia ndani. Vumbi lilipanda kwenye miale ya jua, kina baba wa besi walikuwa wanakanyaga sakafu, na paroko, mtu mkavu asiyecheka ovyo, alikuwa anapiga makofi juu ya kichwa chake. Wimbo ulipomalizika hakuna aliyekaa. Askofu aliomba tuurudie katikati. Hakusema wimbo, alisema katikati.

Wimbo ule umeimbwa majimbo mengi tangu hapo. Watu wa Dar es Salaam waliandika wakiomba nota, wakaniuliza kituo kile kina hesabu ngapi. Niliwajibu kwamba kina mama watajua. Walimu wa muziki wenye elimu kuliko mimi wamenisifia ushujaa wa kukiacha wazi, nami nimewaeleza kila mara kilivyopatikana.

Mchana ule, kwenye chakula, watu walitawanyika uwanjani wakiwa na sahani zao za pilau. Kina mama wa sauti ya pili walikuwa wamekaa kwenye nyasi pamoja na mabinti, wanakula kwa mkono. Mmoja alianza kuimba katikati huku anatafuna, wengine wakadaka, kwa sauti waliyoichagua wenyewe, chini kuliko niliyoiandika. Nilisogea na sahani yangu nikaingia na besi. Mke wangu aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Punguza, baba," alisema. "Hatusikilizani."

Nikapunguza.